Maswali ya walimu: riwaya, uonevu na kijana aliyekata tamaa

Mwanafunzi wangu aliandika katika insha kwamba amechoka kuishi. Nilimpa alama 14 kati ya 20, nikasahihisha tahajia. Sasa nina wasiwasi. (Mwalimu, Kakamega)

Naanza na lako kwa sababu haliwezi kungoja. Mtafute leo. Kaeni faraghani, umuulize waziwazi kama anawaza kujiua. Usimwahidi kwamba utaficha. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo. Mshirikishe mwalimu wa ushauri nasaha na mzazi, isipokuwa kama nyumbani ndiko anakoumizwa. Namba 116 ya kusaidia watoto haina malipo, Kenya na Tanzania. Na tafadhali, asipelekwe kwenye kamati ya nidhamu. Mahakama Kuu ya Kenya iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Shule isiendelee kuadhibu kile ambacho mahakama imekataa kiadhibiwe.

Tukisoma hadithi yenye kujiua, si tutawatia wazo hilo kichwani? (Mwalimu wa fasihi, Morogoro)

Nimeshalijibu mara nyingi. Kumuuliza kijana kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa hivyo kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 ni miongoni mwa sababu kuu za vifo. Wanafunzi wenu wanalijua jambo hili tayari. Hatari ni hadithi inayoeleza njia hatua kwa hatua, au inayofanya kifo kiwe ushindi.

Thirteen Reasons Why ya Jay Asher inafaa Kidato cha Tatu? (Mwalimu, Mombasa)

Inafaa mkiisoma pamoja darasani. Usiwape waende nayo likizo. Riwaya hiyo ya 2007 inaonyesha vizuri jinsi uvumi, dhihaka na kimya cha wenzake vinavyomlemea Hannah Baker, mwanafunzi anayejiua. Kasoro yake ni kubwa: Hannah anaacha kanda alizojirekodi, na akishakufa ndipo wote wanamsikiliza. Mtoto anayeonewa bwenini anaweza kuona humo namna ya kulipiza kisasi. Mwambie bila kuzunguka kwamba aliyekufa haoni majuto ya mtu. Tamthilia ya runinga ya 2017 iliyotokana nayo ilikosolewa sana, na 2019 Netflix iliondoa onyesho la kifo chenyewe.

Tumieni muda kwenye ukurasa ambao Hannah anamwendea mshauri wa shule, Bwana Porter, kisha anatoka bila msaada. Uliza: angepaswa kumwambia nini? Nani mwingine aliona dalili akanyamaza? Hapo wanafunzi wataanza kutaja ya shuleni kwenu, nawe uwe tayari kuyafanyia kazi. Ukikimbilia dhamira na maudhui ya mtihani, umeipoteza nafasi hiyo.

Kuwaonea njuka, yaani wanafunzi wapya, kidogo si kunawakomaza? (Patroni)

Hapana. Anayeamini hivyo asikabidhiwe bweni.

Naomba orodha ya riwaya za kuzuia kujiua. (Mzazi, Dodoma)

Hakuna riwaya inayozuia kujiua peke yake, na naomba ombi hili lisirudiwe. Kitabu chochote unachomchagulia mwanao, kisome wewe kwanza hadi mwisho. Angalia kama kuna mhusika anayeomba msaada akaupata. Kama hayumo, kisomeni pamoja, umwonyeshe mwanao ni wapi mtu mzima angeweza kuingilia kati.