Uagize nini mchana katika mgahawa wa Kinepali na Kihindi

Ndugu, umeuliza uanze na chakula gani mchana katika mgahawa mdogo wa Kinepali na Kihindi huko Plumstead, London, mtaa ambao askari wastaafu wa Gurkha, yaani Wanepali waliotumikia jeshi la Uingereza, na familia zao wamehamia kwa wingi, hasa baada ya masharti ya ukaazi kulegezwa mwaka 2009. Ushauri wangu ni kwamba uuache kwanza upande wa Kihindi, kwa kuwa biriani na sambusa unazijua tangu nyumbani, uagize dal bhat. Hiki ndicho chakula cha kila siku cha Wanepali wengi: wali, mchuzi wa dengu, mboga na achari katika sahani pana ya chuma, na kwa desturi yao mlaji huongezewa wali na dengu mpaka ashibe, ingawa ni vyema kuuliza kama mgahawa huo unaifuata. Achari uionje kidogo kidogo, maana mara nyingine hutiwa timur, kiungo kinachofanana na pilipili manga lakini kinachotia ulimi ganzi. Ukiona gundruk, yaani mboga za majani zilizochachushwa kisha zikakaushwa, tafadhali usiipite. Kwangu mimi hiyo ndiyo ladha ya Nepali yenyewe. Momo za mvuke, yaani vifuko vidogo vya unga vilivyojazwa nyama au mboga, nazo ni nzuri, hasa zikija na chatine ya nyanya, lakini ikiwa unakula halali tu, uliza nyama iliyomo na ilikotoka, kwani baadhi ya Wanepali hula nguruwe.