Kabla hujaswaipu kulia: namna ya kuzikagua profaili ukiwa huku Lamu

Kila nikikaa na mashoga zangu hapa Langoni swali ni lile lile, ati app gani ina wanaume wa maana. Jibu langu huwa lawakera: app si hoja sana, hoja ni unavyoisoma profaili, na huku kwetu huisomi kama mtu wa Nairobi.

App tupite upesi. Tinder na Badoo ziko wazi kwa kila mtu, mwenye nia na mpitisha muda wote wamo, na hapa Lamu ukiweka umbali mdogo watu wanakwisha haraka, unabaki na watalii wa Shela ambao wiki ijayo hawapo. Anayetaka ndoa mimi namuelekeza Muzz, ile ya Waislamu iliyokuwa ikiitwa muzmatch mpaka 2022, kwa sababu unaweza kuziba picha yako mpaka ukubali mwenyewe, na unaweza kumuingiza wali, yaani msimamizi wako wa ndoa, au kakako akawa anapata nakala ya mazungumzo. Kuna wanaume wakisikia tu kuna wali wanapotea, alhamdulillahi, ushapunguziwa kazi.

Sasa profaili yenyewe. Kila mahali utaambiwa asiyeweka uso ni feki, mpite. Huku haifanyi kazi hiyo. Msichana wa Mkomani akiweka uso wake asubuhi, adhuhuri shangazi yake ashatumiwa skrinshoti kwenye grupu la harusi, kwa hivyo ataweka mkono wenye hina au mlango wa nakshi, basi. Wanaonitia shaka mimi ni wale wa picha sita zote kama za tangazo la hoteli.

Kuna mmoja shoga yangu aliniletea, ati mzaliwa wa Lamu ana biashara ya utalii, picha ya kwanza yuko kwenye chombo na miwani ya jua, mashallah. Nikamwambia hebu acha kumwangalia yeye, angalia chombo. Ilikuwa ngalawa, ile yenye miti ubavu huu na ubavu huu, na huku kwetu ni mashua na majahazi, ngalawa kama zile nenda Zanzibar. Tukapiga skrinshoti, tukakata ibaki picha tupu, tukaipitisha Google Lens, ikatuletea ukurasa wa watembeza watalii wa Unguja, picha ile ile. Na jioni yake akamwandikia samahani nimechelewa kujibu nilikuwa kwenye jam mjini. Jam ya Lamu! Labda ya punda.

Ndio maana nasema uliza vitu vya kawaida, usifanye kama polisi, chomeka tu katikati ya stori. Basi la Mombasa linakushusha wapi? Aliyewahi kuja atakwambia Mokowe halafu unapanda boti, asiyewahi atazunguka. Umbali wa app nao uangalie, mtu wa Shela aliye kilomita elfu nne ana maelezo ya kutoa, ingawa Tinder ukilipia unaweza kuhamisha lokesheni kwa hiyo kuwa karibu si ushahidi. Na ile tiki ya buluu yathibitisha uso unafanana na picha, haithibitishi kazi wala kwamba hana mke.

Video kol usiiruke. Kamera mbovu wiki ya tatu, achana naye. Siku hizi AI inabadilisha uso pia, mwambie ageuze kichwa, apitishe mkono usoni, akuoneshe dirishani kulikoje.

Pesa sitaki kurefusha. Injinia wa meli ya mafuta, amefiwa na mke, binti mmoja, mzigo wa zawadi umekwama forodhani utume ada. Kila mtu ashaisikia na bado inakula watu, kwa sababu haiji siku ya kwanza, inakuja ushazoea salamu zake za asubuhi. Ndugu yake mpya ni yule anayetaka kukufundisha kripto. Na picha za faragha usitume, sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 ina faini hadi shilingi 200,000 au jela hadi miaka 2 au vyote viwili kwa anayezisambaza, lakini sheria inafika picha ishazunguka hadi Pate.

Kukutana: mchana, penye watu, na dada au binamu akae meza ya pili. Malindi ni rahisi, mikahawa tele na ukichoka unaita tuktuk unaondoka. Hapa Lamu wengi watakualika matembezi ya mashua magharibi, inapendeza sana, lakini mara ya kwanza kataa, ukiwa katikati ya mkondo huwezi kusema mimi naenda zangu. Mwambie mkutane mkahawa wa ufuoni saa tano asubuhi ambapo nusu ya mji yapita. Mwenye mke Matondoni atakuwa na udhuru siku hiyo, na kesho, na kesho kutwa.