Goti limepona lakini chuma bado kimo

Marahaba baba. Umeniuliza kwenye simu mbona goti la chuma nimewekewa mwaka jana na mshono ulishakauka zamani, sasa kinachonikimbiza hospitali kwa jino tu ni nini, si ningemtuma mtu duka la dawa aniletee amoksilini yaishe. Na dada yako anacheka eti mama siku hizi mwoga.

Sikia basi. Nyama ikiingiwa na bakteria damu inafika pale inapambana nao, ila chuma na plastiki havina damu, kwa hiyo wakidandia pale wanajijengea utando kama ule utelezi wa ndani ya ndoo isiyosuguliwa, antibayotiki haipenyi vizuri, inabidi goti lifunguliwe tena lisafishwe na wengine wanatolewa chuma chote wanakaa miezi ndo wawekewe kingine. Inawapata wachache, kama mmoja au wawili kwenye watu 100, lakini huyo mmoja ukiwa wewe asilimia itakusaidia nini?

Siku ya operesheni wao walijitahidi. Nilichomwa antibayotiki muda mfupi kabla ya kisu, nesi akanikataza kabisa kunyoa mguu kwa wembe maana unaacha vikwaruzo, na kabla ya hapo walipima sukari, kile kipimo cha wastani wa miezi 3 iliyopita, wakaniahirisha mpaka ishuke, nikanuna weee. Nyumbani bandeji haikuguswa na maji, na shangazi yako alipokuja na mafuta yake ya kuchua nikamwambia wifi asante weka hapo mezani, yapo mpaka leo.

Sasa jino likitunga usaha bakteria wanaingia kwenye damu, wanazunguka, wakikuta chuma wanakaa, hata miaka ikiwa imepita. Kidonda cha mguu vilevile, UTI vilevile, ndo maana jioni unaniona nageuza nyayo kwenye taa, kwa sukari hii naweza kukanyaga msumari nisisikie.

Na hiyo amoksilini yako ya kukisia ndo mbaya zaidi, goti likivimba likapata moto ukameza vidonge dalili zinapoa kidogo huku wadudu wamo, halafu daktari akivuta maji ya goti kupeleka maabara wakajaribu kuwaotesha wadudu wawajue, hawaoti. Kwa hiyo siku nikikupigia nikasema goti limevimba, au mshono unatoa maji, au nina homa na maumivu yamerudi, usinitumie hela ya dawa, tuma nauli niende kwa aliyenipasua.

Jino linang'olewa Jumanne, daktari wa meno nimeshamwambia nina goti la chuma. Mwambie dada yako aje anisindikize badala ya kucheka.