"Angalia maji kwanza" kabla ya kwenda Mbudya: maji yanaangaliwaje?

SWALI: Shikamoo nahodha. Sisi ni wanawake 14 wa hapa Mwanga, Kigoma, tunacheza kikoba, mwisho wa mwaka tunashuka Dar kwa treni na watoto 5, na siku moja tunataka kwenda kisiwa cha Mbudya asubuhi tukaogelee turudi jioni. Kila mtu wa boti niliyempigia ananiambia "angalia maji kwanza halafu unipigie". Mimi nimezaliwa ziwani, maji sijawahi kuyaangalia, nikiamka yapo palepale. Yanaangaliwaje? Na tutoke saa ngapi, turudi saa ngapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenigusa kweli maana na mimi nilitoka hapahapa Kibirizi nikaenda kuendesha boti pwani nikiwa sijui hiki unachouliza, na hakuna aliyenikalisha chini akanieleza.

Wiki zangu za mwanzo kule nilipeleka wageni kwenye ufukwe fulani, nikasukuma boti mpaka mchangani kama tunavyofanya huku, nikatia nanga nikaenda zangu kivulini. Kurudi baada ya saa 3 boti imekaa juu ya mchanga mkavu, maji yako mbali kule, watu 9 tumesukuma haikusogea hata shubiri. Tulikaa mpaka usiku maji yaliporudi yenyewe, na ndani ya wale watu kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga na maji ya kunywa yalikuwa yameisha. Sijaisahau ile sura ya yule mama. Kwahiyo usione wanakuzungusha wakikwambia angalia maji, wanakusaidia.

Iko hivi. Ziwa Tanganyika linapanda na kushuka kwa miezi na miaka, si umeona miaka hii maji yalivyokula fukwe zetu, lakini ndani ya siku moja halibadiliki kiasi cha wewe kuona. Bahari inajaa mara 2 na kukupwa, yaani kushuka, mara 2 kila siku, inavutwa na mwezi na jua. Toka maji yajae mpaka yakupwe ni kama saa 6 na dakika chache, halafu yanaanza kurudi. Na kila siku muda unachelewa kama dakika 50 kuliko jana, ndio maana rafiki yako aliyeenda wiki iliyopita akikwambia "maji yanajaa saa 4 asubuhi" hiyo sio habari ya kwako tena.

Kuna kitu cha pili ambacho watu wa bara wengi hawakijui, maji hayajai kiasi kilekile kila siku. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, hizo siku na mbili tatu zinazofuata ni bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, Dar tofauti ya juu na chini inapita mita 3, yaani zaidi ya kimo cha mlango wa nyumba. Mwezi ukiwa nusu yanakuwa maji mafu, hapo yanacheza kidogo tu, mita 1 hivi.

Sasa hesabu yenyewe. Nyie wa Ujiji na Mwanga mna bahati, mwezi mnaujua kwa sababu ya Ramadhani, basi tumia huohuo. Kwa Dar siku ya mwandamo na siku ya mwezi 15 chukua kwamba maji yanajaa kama saa 10, alfajiri na jioni, na yanakupwa kama saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayoongezeka weka dakika 50. Mfano mmeenda siku 3 baada ya mwandamo, 50 mara 3 ni dakika 150, ni saa 2 na nusu, kwahiyo yanajaa kama saa 12 na nusu asubuhi na saa 12 na nusu jioni, na yanakupwa saa 6 na nusu mchana, katikati ya picnic yenu kabisa. Hesabu hii ni ya kukadiria, inakupa wiki gani ya kuchagua. Ukishapata tarehe kamili tafuta jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, kwenye simu programu za maji zipo za bure, ila hakikisha umechagua Dar es Salaam na sio mji mwingine, na saa zao ni za kizungu, ukiona 4:15 PM hiyo ni saa 10 na robo jioni. Nimeshaona watu wamefika ufukweni wamekosea saa 6 nzima kwa hilo tu.

Ipi siku nzuri kwenu? Kwa sababu mna watoto mimi ningechagua maji yanayojaa karibu na saa 6 au 7 mchana. Kwa hesabu ile inaangukia mwezi ukiwa na siku kama 10 au 11, au tena ukiwa na 25 au 26. Mnafika maji yanapanda, mnaogelea kwenye maji mengi ya mchana, yakianza kushuka mnakula mnafungasha. Maji mafu nayo ni mazuri sana kwa watoto, mkondo unakuwa mdogo.

Ikibidi muende siku za bamvua sio mwisho wa dunia ila mjipange. Asubuhi saa 3 au 4 maji yatakuwa yamekupwa, upande wa bara boti inasimama mbali, mtatembea kwenye maji na matope na majani ya baharini mpaka muifikie, kina mama wenye magoti mabovu na mabeseni ya vyakula muwafikirie hapo. Vaeni ndala za kufunga au viatu vya plastiki, kwenye miamba kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi, ukiwakanyaga mwiba unakatikia ndani na siku yako imeisha. Kuogelea subirini kuanzia saa 6 hivi maji yakipanda. Na vitu msiweke chini karibu na maji hata kama pakavu pazuri, maana saa 10 pale mlipotandika mkeka patakuwa bahari.

Uzuri wake ni kwamba siku ya bamvua saa 10 jioni maji yamejaa, kupanda boti kurudi ni rahisi. Ndio maana mimi nawaambia watu wapange kurudi kwanza kabla ya kwenda. Asubuhi mna nguvu na mna muda, hata mkitembea kwenye matope mtacheka, lakini jioni watoto wamechoka, wengine wamelala, jua linazama kama saa 12 na nusu, hapo hutaki boti iwe imekaa mchangani. Mimi ningekuwa mezani na nyie ningeandika saa 10 kamili tunaondoka, na wala isisogezwe kwa sababu ya chipsi ambazo hazijaiva.

Jambo la mkondo nalisisitiza kwa sababu ya watoto. Maji hayatoki kwa mwendo mmoja, saa ya kwanza yanaenda polepole, saa ya 3 na ya 4 ndio yanakimbia kuliko zote, halafu yanapoa tena. Hizo saa 2 za katikati watoto wasiende kwenye ncha za kisiwa, wabaki upande unaotazama bara, maji ya kiunoni, na mtu mzima amesimama upande wa nje. Watoto wetu wa Katonga na Bangwe wanaogelea vizuri, lakini ziwani wamezoea wimbi, hawajazoea maji yanayokubeba kimyakimya. Tena maji ya chumvi yanaelesha, kila lita ina kama gramu 35 za chumvi, mtoto anajiona bingwa kuliko alivyo. Akijikuta anavutwa asipigane nayo, aelee na aogelee kwa pembeni, na apige kelele.

Upepo ni habari nyingine. Mwisho wa mwaka ni kaskazi, upepo unaotoka kaskazini, mara nyingi asubuhi bahari inakuwa tulivu na mchana upepo unaamka, kwahiyo kurudi mtalowa, simu na hela mzifunge vizuri. Usiku wa kuamkia safari sikilizeni utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wakitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi msiende, hata kama mmeshalipa.

Kwenye simu na mwenye boti muulize hivi: boti ina cheti cha ukaguzi cha TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, na kimeandikwa abiria wangapi? Nyie ni 19, watoto wanahesabika kama watu, akisema "watoto tutawapakata" tafuta mwingine. Laifujaketi 19 ziwepo na za watoto ziwe za watoto, ya mtu mzima mtoto inamtoka kichwani. Muulize pia kiingilio cha hifadhi kiko ndani ya nauli au mnalipa pembeni, maana Mbudya ni eneo tengefu la bahari toka 1975 pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kiingilio ni lazima. Na kwa kuwa ni hifadhi, watoto wasiokote makombe wala matumbawe ya kuleta Kigoma, najua watataka.

Mtokee Kunduchi, hapo ndio karibu na Mbudya. Boti za Msasani ni za Bongoyo, ni kisiwa kizuri pia ila safari inachukua kama nusu saa, kwa watoto wasiozoea bahari na matumbo yao mimi ningewapeleka Mbudya. Chakula kule kipo, samaki na chipsi, mnaagiza mkifika maana vinachukua muda, lakini maji ya kunywa bebeni toka bara. Huku kwetu mtoto akisikia kiu anachota ziwani, kule akinywa atatapika, muwaambie kabla hawajafika.

Na treni msiipangie kubana. Toka Kigoma mpaka Dar ni kilomita zaidi ya 1,200, ikichelewa mtafika mmechoka na usiku, kwahiyo siku ya boti isiwe kesho yake. Wekeni siku 2 za kupumzika, halafu katika hizo siku mtakazokuwa Dar chagua ile ambayo maji yanajaa mchana, mpigie mwenye boti umwambie "tarehe fulani maji yanajaa saa 7 mchana, tunataka kutoka saa 3 na nusu na kurudi saa 10". Akisikia hivyo atajua anaongea na mtu aliyeangalia maji.