Mtoto wa siku 5 na maji ya kunywa

Dada, umeeleza kwamba ulijifungua siku 5 zilizopita, uko Kirumba, mama mkwe anasisitiza mtoto apewe maji kwa sababu ya joto la Mwanza, nawe unaona haya kumrudia mkunga kwa jambo dogo. Si dogo. Maziwa ya mama, pamoja na yale mazito ya njano ya mwanzo yaitwayo dang'a, yana maji yanayomtosha mtoto hadi atimize miezi 6, ilimradi anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Nenda kliniki wiki hii, umwombe mkunga akutazame ukinyonyesha, kwa maana mara nyingi kinachodhaniwa kuwa upungufu wa maziwa ni mtoto kushika ncha ya chuchu peke yake, kosa ambalo mkunga mzoefu huweza kukuelekeza namna ya kulirekebisha papo hapo. Fuatana na mama mkwe (nasema hivi kwa makusudi), kwani neno la muuguzi huenda likamwingia kuliko ubishi wenu wa nyumbani. Mtoto akipata homa au akikataa kunyonya, au wewe ukitokwa na damu nyingi, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda kituoni saa hiyo hiyo.