Maswali ya Wasomaji: Nimetubu mara tatu, mbona sina amani?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba mkoani Kilimanjaro, nina miaka 52. Baba yetu alipofariki miaka sita iliyopita alituacha watoto wa kiume watatu. Kaka mkubwa alikuwa amekwisha kupewa kihamba chake, yaani shamba la urithi wa ukoo, mdogo wetu wa mwisho akabaki na nyumba ya baba kama desturi yetu ilivyo, nami wa kati nikapata kipande kinachopakana na cha kaka. Majuma mawili baada ya maziko, kaka akiwa amerudi kazini Dar es Salaam, niliyang'oa usiku masale, ile mimea tunayoipanda kuonyesha mpaka, nikayapanda hatua nne ndani ya eneo lake. Aliporudi nyumbani Desemba aligundua, tukagombana, nami nikaapa mbele ya ukoo kwamba masale hayajaguswa. Tangu siku hiyo hatusemezani, na watoto wetu wanapishana njiani kama wageni. Nimeitikia wito wa toba katika mikutano ya injili mara tatu. Kila mara ninalia na kupata wepesi, lakini nikifika nyumbani nikayaona yale masale, wepesi wote unaniondoka. Je, Mungu hajanisamehe? Tena mimi ni mzee wa kanisa, ninasuluhisha ndoa za watu. (Msomaji, Kilimanjaro)

JIBU: Ndugu yangu, ahsante kwa kuandika jambo ambalo wengi huenda nalo kaburini. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake naona mawili, nami ningependa tuyatenganishe kabla ya kujibu, kwa sababu ukiyachanganya utaendelea kuitikia wito wa toba kila mkutano unapofanyika bila kupata unachokitafuta.

La kwanza ni amani na Mungu. Paulo anapoizungumzia katika Warumi sura ya 5 hazungumzii wepesi wa moyo hata kidogo. Anazungumzia uadui uliokwisha. Anasema kwamba tulipokuwa adui tulipatanishwa na Mungu kwa mauti ya Mwana wake, yaani jambo hili lilitendeka kabla hatujaweza hata kuliomba, na halipandi wala kushuka kwa kadiri ya machozi tunayotoa. Kama umemwamini Kristo, huhitaji kutubu mara ya nne ili Mungu asikie alichosikia mara ya kwanza.

La pili ni amani ya Mungu, ile ambayo waraka kwa Wafilipi unasema inahifadhi mioyo na nia zetu. Hii mtu huweza kuikosa akiwa bado ni mtoto wa Mungu kabisa, na mara nyingi huikosa kwa sababu kuna kitu amekificha. Daudi alisema katika Zaburi ya 32 kwamba aliponyamaza, mifupa yake ilichakaa kwa kuugua mchana kutwa. Wewe hukunyamaza mbele za Mungu, bali umenyamaza mbele ya kaka yako, na masale uliyoyahamisha kwa mkono wako yanakukumbusha kila asubuhi unapokwenda kukata majani ya ng'ombe. Mimi nisingeiita hali hiyo dalili ya kutosamehewa. Naiona kuwa ni huruma ya Mungu, ambaye hakukuacha uzoee.

Sasa utaniuliza: basi nikirudisha hatua zile nne ndipo nitapata amani na Mungu? Hapa nakusihi uangalie habari ya Zakayo katika Luka 19, hasa mpangilio wake. Yesu alimwambia ashuke upesi kwa kuwa imempasa kushinda nyumbani mwake siku ile, na wakati anaambiwa hivyo Zakayo alikuwa hajarudisha hata senti. Ahadi ya kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu ilikuja baadaye, mgeni akiwa amekwisha kupokewa. Torati yenyewe ilimtaka mtu aliyekiri dhuluma ya namna hiyo arudishe mali na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alivuka kipimo hicho kwa mbali, na hakuna aliyemlazimisha. Kwa hiyo usiende kwa kaka yako kama mtu anayelipa deni la wokovu. Nenda kwa sababu Mgeni yumo ndani ya nyumba, na si adabu kumkaribisha juu ya ardhi ya wizi.

Lakini lazima uende. Kumbukumbu la Torati 27 linamtaja waziwazi aondoaye mpaka wa jirani yake katika orodha ya waliolaaniwa, na Bwana mwenyewe anasema katika Mathayo 5 kwamba ukiwa madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka hapo hapo, uende ukapatane naye kwanza. Wewe umefanya kinyume miaka sita: umeipeleka sadaka na kumwacha ndugu. Ndugu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika walilielewa jambo hili vizuri kuliko sisi wa leo. Kwao kuokoka kuliandamana na kurudisha vilivyoibwa na kukiri kosa kwa yule aliyekosewa, nao waliita maisha hayo kutembea nuruni. Nakiri kwamba wakati mwingine walizidisha, wakaungama hadharani mambo ambayo yangefaa kubaki kati ya watu wawili. Hata hivyo sisi tumeanguka upande wa pili wa njia, tunakiri kwa Mungu peke yake kwa sababu Mungu hana ukoo wa kutucheka.

Namna ya kwenda nayo ina uzito. Usisubiri Desemba nyumba ijae watu. Mtafute kaka yako akiwa peke yake, hata kama itakubidi kupanda basi hadi Dar es Salaam, kisha mwambie mambo mawili kwa maneno machache: kwamba uliyahamisha masale, na kwamba uliapa uongo. Ukimaliza hapo, nyamaza. Neno litakalokujia mdomoni litakuwa «lakini»: lakini baba alikupendelea, lakini wewe una mshahara, lakini mimi ndiye niliyemuuguza. Huenda yote hayo ni kweli, na huenda siku moja mtayazungumza, ila siku ya kuomba radhi si mahali pake. Baadaye, kwa kuwa uliapa mbele ya ukoo, itakupasa pia usimame mbele ya ukoo. Kosa la hadharani halitengenezwi chumbani peke yake. Mwambie na mchungaji wako, na usisuluhishe ndoa ya mtu yeyote mpaka jambo hili liishe.

Huenda unawaza pia juu ya kupeleka isale. Wasomaji wa mikoa mingine wajue kwamba mmea huo huo unaopandwa mipakani Uchagani ndio unaopelekwa kuomba msamaha, na kwa desturi aliyepelekewa isale hatazamiwi kukataa. Naona jambo la kusikitisha na la ajabu katika kisa chako, kwamba ulikosea kwa kutumia jani lile lile la kuombea radhi. Wako wachungaji wasiopenda Mkristo alitumie. Mimi, mradi haliambatani na tambiko, naliona kuwa ni lugha ya heshima ambayo kaka yako anaielewa kuliko hotuba yoyote. Tahadhari yangu ni moja: usilitumie kama mtego. Ukimpelekea isale mbele ya wazee ili ashindwe kukataa, utakuwa umemnyang'anya mara ya pili. Kwanza mkiri faraghani, mpe nafasi ya kukasirika, ndipo isale lifuate likiwa ushuhuda wa mlichokubaliana.

Kisha rudisheni mpaka mchana, majirani na mwenyekiti wa kitongoji wakishuhudia, na muandike. Kama kaka yako amekwisha kufungua shauri, usiogope. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, kazi yake ni kupatanisha, na kabla shauri halijafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni sharti usuluhishi huo uwe umejaribiwa. Mtu anayefika pale na kusema «nilikosa mimi» huwarahisishia wote kazi.

Je, akikataa? Paulo ameweka mpaka wake katika Warumi 12: kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote. Upande wako una mwisho, na mwisho huo ni kukiri, kurudisha na kuacha mlango wazi. Tena msitazamie kuwa marafiki kwa siku moja. Yakobo na Esau walikumbatiana wakalia, lakini baada ya hapo Esau alishika njia ya Seiri na Yakobo akaenda Sukothi, wala Biblia haiwalaumu kwa kukaa mbalimbali.

SWALI: Shalom, Mchungaji. Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani, Nakuru. Wanachama wetu wawili wa makabila tofauti hawajapatana tangu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Kila ninapojaribu kuwaleta pamoja, mmoja husema namtetea mwenzake wa kabila langu, na huyo wa kabila langu husema nimemsaliti. Nimechoka. Kuna heri gani katika upatanishi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Mama, hujakosea kuchoka. Wafasiri wa Biblia yetu walipofika Mathayo 5:9 waliandika «Heri wapatanishi», na neno hilo ni la sokoni pia: tunapatana bei. Anayetaka kupatana hang'ang'anii bei aliyoanza nayo, na anayesimama katikati hupata hasara kutoka pande zote mbili. Katika kupatana kwetu na Mungu gharama ilichukuliwa na upande mmoja tu, ule uliokosewa, na nadhani ndiyo sababu wapatanishi wanaitwa wana wa Mungu, kwa maana wamefanana na Baba yao katika jambo linalouma.

Nina shaka moja ambayo naomba uipokee kwa upendo. Huyo dada anayesema unatetea kabila lako, je, amekosea kabisa? Mwezi Februari 2008, nchi ikiwa bado inaungua, Baraza la Kitaifa la Makanisa la Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande za kisiasa, na kwa hiyo sauti yao ilikuwa imepoteza nguvu. Ungamo lile lilichelewa, lakini lilikuwa la kweli, na mpaka leo naliona kuwa ni mfano wa mahali ambapo mpatanishi anapaswa kuanzia. Kabla ya kuwaita tena pamoja, mtembelee dada huyo peke yako, umuulize alipoteza nini wakati ule, kisha umweleze ni wapi wewe mwenyewe ulinyamaza watu wako walipotenda mabaya. Usimjibu kwa kutaja walichotenda watu wake. Halafu tafuta mama mwingine, wa kabila lake, mkae wawili katikati. Mpatanishi mmoja akiwa na kabila, na kila mtu analo, atashukiwa tu. Wawili hawashukiwi kwa urahisi.

Nakushauri pia usianze na neno «sameheaneni». Mtu ambaye nyumba yake ilichomwa halisikii neno hilo kama injili, hulisikia kama amri ya kunyamaza. Anza na kusikiliza, hata kama itachukua vikao vitano, na mkipika chai pamoja kwa ajili ya msiba wa jirani bila hata kugusa habari ya 2007, hesabu kwamba kazi imeanza.

SWALI: Mchungaji, mume wangu ananipiga. Nilipomweleza mzee wa kanisa aliniambia nivumilie, kwa kuwa mwanamke Mkristo ndiye mpatanishi wa nyumba, na nikienda polisi nitakuwa nimevunja amani. Ni kweli? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Si kweli, dada yangu, na nasikitika kwamba uliambiwa hivyo na mtu wa kanisa. Amani ya nyumba yako ilivunjwa na mkono uliokupiga; kusema hakuvunji kitu kilichokwisha kuvunjika. Nabii Yeremia aliwakemea viongozi walioiponya jeraha ya watu kwa juu juu tu, wakisema «Amani, amani» wala hapana amani, na ushauri uliopewa ni wa namna hiyo hiyo. Upatanisho una wakati wake, nao huja baada ya kupigwa kukoma, mkosaji kukiri bila kukulaumu, na muda wa kutosha kupita ili matendo yake yaonekane. Unaweza kumsamehe moyoni ukiwa unalala nyumba nyingine.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Ukiwa na majeraha, waombe fomu namba 3 ya polisi ili utibiwe na daktari aijaze. Usiende peke yako. Mwombe mama mchungaji au dada unayemwamini akusindikize, na kama kuna watoto, toka nao.