Karani wa kambi ya mateso anatiwaje hatiani kwa mauaji?

Swali: Wakili, shikamoo. Nimesoma kwamba Ujerumani ilimtia hatiani bibi wa miaka 97 aliyekuwa karani wa kambi ya mateso. Hakuna aliyemwona akimpiga mtu hata kofi. Kosa lake ni lipi hasa, na kwa nini wangoje miaka yote hiyo?

Jibu: Marahaba. Unayemsema ni Irmgard Furchner. Desemba 2022 mahakama ya Itzehoe ilimtia hatiani kwa kusaidia mauaji ya watu 10,505 katika Stutthof, kambi ya Wanazi wa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, karibu na mji wa Gdańsk, Poland ya leo. Shika neno hilo, kusaidia. Alikuwa karani wa mkuu wa kambi kuanzia 1943 hadi 1945, na barua za ofisi hiyo zilipitia mezani kwake.

Upande wa mashtaka ulitakiwa kuthibitisha kwamba kazi yake iliwafaa wauaji, na kwamba alijua kinachoendelea. Hapo pa kujua ndipo penye ugumu. Majaji walifunga safari hadi Stutthof kujionea wenyewe ni nini kingeweza kuonekana kutoka ofisini mwake. Waliporudi, hawakukubali kwamba mtu angekaa pale asijue.

Kwa kuwa alikuwa na miaka 18 na 19 wakati huo, kesi ilisikilizwa na mahakama ya vijana. Alipewa miaka miwili, kifungo cha nje. Rufaa yake ilikataliwa Agosti 2024.

Sasa kuchelewa. Wengi hudhani tatizo lilikuwa ukomo wa muda wa kushtaki. Ujerumani Magharibi iliusogeza ukomo huo mwaka 1965 na 1969, na mwaka 1979 ikaufuta kabisa kwa kosa la mauaji. Kilichokwamisha kesi ni ushahidi. Katika rufaa ya kesi ya watumishi wa Auschwitz, kambi nyingine ya Wanazi, mwaka 1969, mahakama ya juu ilisema haitoshi mtu kuwa mtumishi wa kambi. Lazima aonyeshwe tendo lake mahususi. Nani angelieleza tendo hilo, ilhali walioliona waliuawa? Walinzi wengi wakazeeka majumbani mwao kwa amani, na hilo linaniuma kila nikifungua majalada haya.

Linaniuma zaidi kwa sababu njia ilishajulikana. Kambi ya Dachau ilikombolewa 29 Aprili 1945, na Novemba mwaka huo huo mahakama ya kijeshi ya Marekani ikawashtaki watu 40 kwa pamoja, madaktari na walinzi, kwa kuendesha mpango mmoja wa kutesa na kuua. Wote 40 walitiwa hatiani. Fikra hiyo ndiyo iliyokuja kutumika hata Arusha, katika kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Ujerumani iliirudia fikra hiyo mwaka 2011 ilipomhukumu John Demjanjuk, mlinzi wa kambi ya Sobibor, lakini alifariki kabla ya rufaa kuamuliwa. Msimamo ulithibitishwa mwaka 2016 kwa Oskar Gröning, aliyehesabu fedha walizonyang'anywa watu walioshushwa Auschwitz.

Utaniambia miaka miwili ya nje ni midogo mno kwa roho 10,505. Ni midogo. Lakini manusura wa Stutthof walisimulia mbele ya majaji waliyofanyiwa, naye Furchner akiwa amekaa anawasikiliza. Alinyamaza karibu kesi nzima. Mwishoni akasema anasikitika kwa yaliyotokea, na anajuta kwamba wakati ule alikuwa Stutthof.